Safari ya Rongai na Makelele Yake

Huenda una mtoto wako au mpwa wako anayefanya kazi Nairobi, au anayesoma huko. Zamani ingekuja barua, siku hizi huja simu: "Mama, njoo ututembelee, mtoto amezaliwa." Basi utafunga mzigo wako, unga wa mahindi ya shambani kwako, ndizi, labda na kuku mmoja wa mjukuu, utapanda basi la asubuhi na kufika mjini alasiri. Ya basi hilo nayaacha, maana kila mtu anayajua. Leo nataka nikuchukue kuanzia pale uliposhuka mjini mpaka mlangoni kwa mwanao. Ni mwendo wa kilometa 20 hivi, lakini una mambo kuliko njia yote uliyotoka nayo nyumbani.

Tuseme mwanao anakaa Ongata Rongai. Watu wengi wa kazi na wanafunzi wengi wanakaa huko, kwa sababu kodi za nyumba ni nafuu kuliko karibu na mjini. Rongai si Nairobi hasa. Iko nje ya mpaka, katika kaunti ya Kajiado, nchi ya Wamasai. Magari yake yana namba 125 na 126, nayo hupakia upande wa stesheni ya reli. Huna haja ya kuuliza sana. Utayajua kabla hujayaona.

Naam, kabla hujayaona. Ukiwa bado mbali, umebeba mzigo wako, utahisi kitu kinagonga kifuani, du, du, du, kana kwamba moyo wako umehama na kwenda kukaa barabarani. Huo ndio muziki wa gari. Ukikaribia utaliona lenyewe, limepakwa rangi ubavu mzima, picha za waimbaji na wachezaji mpira zilizochorwa kwa ufundi mkubwa, taa za buluu na zambarau zinazimika na kuwaka, na ndani, juu ya vichwa vya abiria, vioo vya televisheni. Vijana huliita gari la namna hii nganya, na wengine huacha magari matatu yapite wakilisubiri hilo. Mchoraji aliyelipamba ana haki ya kusifiwa, na fundi aliyefunga zile nyaya pia. Sisemi kwamba ni kazi mbaya. Nasema juu ya sauti yake tu.

Matatu, kama ujuavyo, ni jina la zamani. Wengi husema lilitokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti thelathini, iliyolipwa miaka ya 1960 kwa yale magari machakavu yaliyopakia watu kwa kujificha. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu yapakie watu bila leseni ya biashara hiyo, na tangu hapo yakazaana. Siku hizo kelele zilikuwa za injini na za mlango usiofunga. Muziki ulikuja polepole, kwanza redio, kisha kanda, kisha spika za besi zinazofungwa ndani ya sanduku la mbao chini ya viti au nyuma kabisa, ambazo wenyewe wanaziita wufa. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Debe hili si tupu, lina watu 33 ndani yake.

Basi utapanda. Kondakta, au makanga kama waitavyo Nairobi, atakuambia, "Mathe, ingia, tunaondoka sasa hivi." Mathe ni mama katika lugha yao ya vijana, usikasirike. Wala usiamini kwamba mnaondoka sasa hivi. Mtakaa mpaka kila kiti kijae, na muda wote huo muziki utakuwa umefunguliwa mpaka mwisho, maana hapo ndipo unapofanya kazi yake ya kuita watu.

Sasa tazama nje, kwa kuwa njia yenyewe ni nzuri. Mtapita uwanja wa michezo wa Nyayo na kuingia barabara ya Lang'ata. Upande wa kushoto ni Wilson, kiwanja cha ndege ndogo, ambazo hushuka karibu kabisa hata ukadhani zitagusa paa za nyumba. Mbele kidogo ni bustani ya Uhuru, ambapo bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuingia tarehe 12 Desemba 1963. Halafu lango la hifadhi ya wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, simba na vifaru wanakaa humo huku maghorofa ya mji yanaonekana nyuma yao. Sijui mji mwingine wa namna hiyo. Halafu Bomas, palipojengwa nyumba za kienyeji za makabila ya Kenya. Kisha gari linageuka kushoto kushika barabara ya Magadi, na ua wa hifadhi unaendelea kuwasindikiza.

Njia kama hiyo ndiyo ya baba kumfundishia mwanawe. Safari moja alikaa mbele yangu mwanamume mmoja na mtoto wake wa kama miaka sita, nadhani ndiyo mara yake ya kwanza mjini. Tulipofika Wilson ndege ilishuka. Mtoto akaruka kitini, akaonyesha kwa kidole, akauliza jambo. Baba akainama, akatega sikio. Mtoto akauliza tena, mishipa ya shingo imemtoka. Baba akatikisa kichwa, akagusa sikio lake, akacheka kidogo. Mtoto akatazama nje akanyamaza, na hakuuliza kitu kingine mpaka Rongai. Bustani ya Uhuru ikapita hivyo, na lango la wanyama likapita hivyo.

Wako watakaosema hilo ni dogo. Haya, nitasimulia lingine la safari hiyohiyo.

Viti viwili mbele yangu, upande wa dirisha, alikuwa mama mmoja mtu mzima, amejifunga leso mbili vizuri, kikapu chake mapajani. Binti yake alikuwa amemwambia ashuke Chuo Kikuu cha Multimedia, kilicho kando ya barabara ya Magadi kabla hujafika Rongai. Alikuwa amefanya kila jambo alilopasa kufanya. Alimwuliza kondakta alipopanda, akalipa nauli, akawa anatazama nje kwa makini. Alipoona kibao cha chuo akaita, "Mwanangu, nishushe hapa!" Gari halikusimama. Akaita tena. Sisi tuliokuwa nyuma tuliona tu kwamba mkono umeinuka. Kondakta alikuwa ameegemea mlango, akatazama ndani, akaona midomo ya mama inacheza. Akadhani anaimba pamoja nao, akamwinulia dole gumba na kutabasamu. Palikuwa na kitufe cha kengele juu ya dirisha, lakini nani aliyemwambia mama huyu maana ya kile kitufe? Simu ya binti yake ikalia kikapuni, iliita na kuita. Hakuisikia.

Tulipofika Rongai giza lilikuwa linaingia. Muziki ulipozimwa ndipo tulipomsikia, na sauti yake ilikuwa imekauka. Akasema, "Nimeita mara nne. Nimelima na ng'ombe maisha yangu yote, na hata ng'ombe nikimwita hugeuka."

Hakulia, wala hakumtukana mtu. Aliketi juu ya kikapu chake kando ya barabara, magari yanapita na taa zao, akatafuta simu yake kwa mikono inayotetemeka.

Sasa nitakuambia juu ya yule kondakta, maana ni rahisi kumfanya shetani, naye hakuwa shetani. Alikuwa kijana wa kama miaka 24. Alipoelewa lililotokea uso wake ulibadilika. Alibeba kikapu mwenyewe, akamvusha mama barabara kwa kumshika mkono, akasimamisha gari lililokuwa linarudi mjini, akamwambia dereva wake amshushe chuoni na asimtoze kitu. "Pole sana, mathe," alisema mara tatu. Lakini nilitambua jambo moja. Nilipomwuliza jina la kituo, muziki ukiwa umekwisha kuzimwa, aliniambia, "Ati?" Nikarudia. Akasogeza kichwa, akageuza sikio la kulia, "Ati?" Miaka 24, naye anageuza sikio kama babu yangu alivyokuwa akigeuza.

Hapa yafaa tusimame kidogo tutazame sikio lenyewe, maana watu wengi hudhani sikio ni hilo tunalolishika. Ndani kabisa, mfupani, mna kitu kilichojikunja kama gamba la konokono. Ndani ya gamba hilo mna chembe zenye vinywele vidogo sana visivyoonekana kwa macho, kama 15,000 katika kila sikio. Sauti ikiingia, vinywele huyumba kama nyasi katika upepo, na kuyumba huko ndiko kunakopeleka habari kwenye ubongo. Wewe mkulima unajua nyasi za njiani. Akipita mtu mmoja nyasi hulala, kisha usiku huinuka tena. Ndiyo ile hali ya masikio kuvuma baada ya ngoma kubwa, na kesho yake yakapona. Lakini wakipita watu kila siku mahali palepale, nyasi hufa na njia hubaki nyeupe. Tofauti ni kwamba nyasi ukiziacha zitaota tena mvua ikinyesha. Chembe za sikio la mwanadamu zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya hospitali inayozirudisha.

Wataalamu hupima sauti kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama 60. Mtu aweza kukaa katika sauti ya 85 kwa saa 8 za kazi bila hatari kubwa. Lakini hesabu ya kipimo hiki si kama ya kupima mahindi kwa debe, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kila inapoongezeka desibeli 3 tu, nguvu ya sauti huwa imezidi mara mbili, na muda ule hukatwa nusu. Kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, na ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Safari ya Rongai jioni, msongamano ukiwa mkubwa, yaweza kupita saa nzima. Na yule kijana hafanyi safari moja. Yumo humo toka alfajiri mpaka usiku, siku sita au saba za juma.

Labda utasema, mimi nitapimaje nami sina chombo? Chombo unacho. Ukilazimika kupaza sauti ili usikiwe na mtu aliye umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwako, sauti ya mahali pale imekwisha kufika kama 85 au imepita. Mwana wako akitoka katika gari na kukuambia masikio yake yanalia kama nyenje, sikio limekwisha kuumizwa, hata kama kesho litanyamaza.

Na wale wakaao kando ya barabara? Hao hawapati hata wimbo. Sauti nyembamba huzuiwa na kioo na ukuta, lakini ile nzito ya besi ina mawimbi marefu, mengine meta 7 toka wimbi hata wimbi, nayo hupenya bati na tofali kama maji yapenyavyo kikapu. Kwa hiyo mgonjwa aliyelala, na mtoto mchanga, na mwalimu anayesahihisha madaftari usiku, hupata lile du-du-du peke yake, bila maneno wala utamu.

Kwa nini basi wanafanya hivi? Nimeuliza, na jibu ni fupi. Gari si la dereva wala si la kondakta. Lina mwenyewe, naye hutaka apelekewe fedha fulani kila jioni, iwe siku njema au mbaya. Kinachozidi hapo, baada ya mafuta, ndicho chakula cha hao vijana wawili. Sasa magari mawili yamesimama, moja kimya na moja linapiga muziki. Wanafunzi na vijana wa ofisini wanakimbilia lipi? Linalopiga muziki hujaa kwanza, huondoka kwanza, hufanya safari moja zaidi kwa siku. Safari moja zaidi ndiyo unga wa nyumbani kwao. Mwenye gari akiona hivyo huongeza spika. Mwenzake naye akiona, huongeza kubwa zaidi. Nao wanaokimbilia ni watoto wetu, msomaji, waliokulia katika nyumba zetu kimya na kwenda huko.

Kwa hiyo ukimlaumu dereva peke yake umekata tawi umeacha shina. Lakini dereva naye hana budi kuambiwa neno moja. Mwenye kuendesha watu 33 anahitaji masikio kama anavyohitaji macho. King'ora cha gari la wagonjwa huanza kusikika kabla halijaonekana. Honi ya lori lililokatika breki nyuma yako huisikii kwa kioo. Na ndani ya gari mwenyewe, abiria akipiga kelele kwamba mlango umefunguka na mtoto yuko ukingoni, au akisema, "Dereva, punguza mwendo, tunataka kufika," maneno hayo yote ni kama ya yule mama, mkono umeinuka na midomo inacheza. Mtu aliyelipa nauli yake amenyang'anywa ulimi. Hilo naona ni baya hata kuliko masikio kuuma.

Sheria ipo. Kenya ilitoa kanuni za kelele mwaka 2009, chini ya mamlaka ya mazingira iitwayo NEMA, zinazokataza mtu kupiga kelele kubwa zisizo za lazima zinazoudhi wengine au kudhuru afya zao. Tanzania nayo ina kanuni zake za mwaka 2015. Mtu akisema sheria haiwezi kitu kwa matatu, mkumbushe mwezi wa Februari 2004, zilipoanza kutumika amri za Waziri wa Uchukuzi, Bwana John Michuki: mikanda katika kila kiti, kidhibiti mwendo kisichozidi kilometa 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, na abiria wasizidi viti. Siku za kwanza magari mengi yaliegeshwa na watu wakaenda kazini kwa miguu, wakinung'unika. Kisha magari yakarudi, na waliozoea kuning'inia mlangoni wakaketi kila mtu na kiti chake. Baadaye ukali ulilegea, jambo linalojulikana. Lakini ile miezi ilionekana kwa macho ya watu, hakuna awezaye kusema haikuwako.

Tena kuna jambo linalonichekesha kila nikipita njia ile. Ndani ya hifadhi ya wanyama niliyokutajia limepita daraja refu la reli mpya, kama kilometa 6, lililofunguliwa pamoja na njia ya kwenda Naivasha mwaka 2019. Lilijengwa juu ili twiga wapite chini yake, na kando zake zikawekwa vizuizi vya sauti, ili mngurumo wa treni usiwasumbue wanyama. Vema sana, nami nafurahi kwa ajili ya twiga. Ila nyumbu wa upande ule wa ua wamewekewa kinga ya kelele, na mama mwenye kikapu upande huu wa ua hana.

Usidhani, msomaji, kwamba haya ni ya Nairobi tu na wewe umekaa salama chini ya mwembe wako. Tazama siku ya gulio. Pikipiki za bodaboda zimekwisha kufungwa spika chini ya taa, na kijana hupita nazo katikati ya mihogo ya watu saa nne za usiku. Mabasi ya mikoani yana televisheni, na mambo mengine yanayoonyeshwa humo hayafai mtu kuyatazama akiwa amekaa na mkwewe. Huyo kijana wa bodaboda ni wa kwenu, unamjua baba yake. Mwite mchana, akiwa ametulia, umwambie kwa upole. Usimngoje barabarani usiku na fimbo, maana hatasikia, na sababu umekwisha kuijua.

Nirudi kwako na mzigo wako pale stesheni ya reli. Una haki ya kuchagua gari. Simama kidogo, acha lile la taa za zambarau lijae vijana na kuondoka. Nyuma yake huwa kuna gari lingine, aghalabu kuukuu, la rangi moja, ambalo watu wazima hulijua. Muulize kondakta kabla hujaweka mguu: "Kijana wangu, muziki mtaupunguza?" Akicheka, mwache aende. Ukiona kwamba usiku unaingia na huna budi kupanda lile la kelele, kaa kiti cha karibu na mlango, na umwambie kondakta kituo chako pale unapompa nauli, si baadaye. Mwandikie hata kwenye karatasi kama mwanao amekuandikia. Mwambie akuonyeshe kengele. Simu iweke mkononi, si kikapuni, utahisi ikitetemeka hata usipoisikia. Mtoto mchanga usimkalishe kabisa kiti cha nyuma, maana spika ziko chini yake.

Na wewe uliye mjini, unayemwalika mama yako, nenda ukampokee. Kama kazi haikuruhusu, mtume mtu.

Mimi kesho yake nilirudi mjini kwa moja la yale magari makuukuu. Lilikuwa limetoka Kiserian, viti vyake vimechanika, dirisha moja halifungi. Redio ilikuwepo, inasoma habari kwa sauti ya chini, na dereva alikuwa mzee mwenye kofia ya sufi. Nyuma yangu walikaa kina mama wawili wasiojuana. Tulipofika chuoni walikuwa wamekwisha kusalimiana na kuulizana kwao ni wapi. Bomas tukaipita wakiwa katika habari za mbuzi na bei yao. Penye lango la wanyama mmoja wao akasema kwamba maharagwe yake yameliwa na wadudu, na mwenziwe akamweleza namna ya kuyachanganya na jivu, jivu la kuni gani, na kiasi gani kwa gunia. Wilson ilishuka ndege, na msichana mmoja mdogo akauliza kama ndani yake mna watu. Gari zima likamjibu.